Mto Uliopita Kando ya Ukuta

Vijana niliowaacha ofisini wananiambia niandike mambo ya kazi ya maji kabla kichwa changu hakijaanza kuvuja. Nadhani wanatarajia niwaambie nilipandishwa cheo lini na ni mkubwa gani aliyenionea. Hayo nitayaruka. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, kama mvua zetu, na walionionea wengi wamekwisha kufa, kwa hivyo sina tena hamu ya kuwasema. Nitaandika juu ya kuta za mitoni, kwa sababu ndizo zilizonimalizia magoti, na hasa juu ya ukuta mmoja.

Niliripoti kazini Kitui mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa na cheti cha shule, viatu vilivyong'aa, na fizikia ya darasani ikiwa bado moto kichwani: nguvu, momenti, densiti, presha. Karani alivitazama viatu, akaandika jina langu, akanipakia kwenye lori lililokuwa likienda Kabati. Huko fundi mwashi mmoja, Mzee Kilonzo, alikuwa akijenga ukuta mdogo wa kukata mto wa mchanga. Kwa asiyeijua nchi yetu, mito yetu mingi haina maji ya kuonekana ila siku chache za mvua. Siku nyingine zote ni barabara ya mchanga tu, na maji yamejificha ndani yake.

Mzee Kilonzo hakuniuliza nimesoma nini. Alinipa mtaimbo, akanionyesha jiwe kubwa kama ndama aliyelala, akasema, "Toa hiyo." Niliweka kijiwe chini ya mtaimbo karibu na lile kubwa, nikashika ncha ya mbali, nikaegemea, nalo likainuka. Alishangaa kidogo. Nikamweleza kwamba ukizidisha nguvu kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo unapata momenti, ndiyo maana mtaimbo hushikwa mwisho. Neno lile lilimpendeza ajabu. Tangu siku hiyo mtu akishika mtaimbo katikati, Mzee alimpigia kelele, "Wewe! Ongeza momenti!" Watu wa pale waliendelea nalo hata baada yake. Nimewahi kumsikia mama mmoja wa Kabati akimhimiza mwanawe aongeze momenti asichelewe sana shuleni.

Yeye naye alinipa elimu ambayo shule haikuwa na nafasi nayo. Alikuwa na mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha maji yaliyomo. Ukishika ncha moja ukingo huu na mwenzako akashika nyingine ng'ambo, maji husimama kimo kimoja pande zote mbili, mto uwe mpana vipi. Ila hewa ikiingia katikati ya mpira, utajenga ukuta uliopinda na utaapa kanisani kwamba umenyooka. Alikuwa pia na chupa ya soda. Kila mto tuliofika alichota mchanga wake, akaujaza ndani pamoja na maji, akatikisa, akaiweka chini tuitazame. Chembe nzito zilikaa chini kwanza, zikafuata nyembamba, na tope likabaki likielea juu kama chai ya maziwa.

Chupa ile ndiyo kazi yetu yote. Ukijenga ukuta mfupi, mafuriko yanapofika mchanga mzito hukaa nyuma yake na tope huruka juu likaenda zake. Msimu unaofuata unaongeza kimo kidogo, mchanga unajaa tena, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiwa na haraka ukajenga wote kwa mara moja, mto unatulia mno nyuma ya ukuta, tope nalo linapata mahali pa kulala, na umepata shamba la udongo badala ya tangi la maji. Mchanga msafi hushika maji mengi katikati ya chembe zake. Jua haliyafikii na ng'ombe hawayachafui. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba hayaonekani, na mtu asiyeona maji haamini kwamba ameletewa maji.

Si kila kazi ilikuwa ya ukuta. Mwenye hoteli mmoja wa Mtito Andei, pale malori ya Mombasa yanaposimama, alichimba kisima kirefu akanunua pampu ya kunyonya na kuifunga juu kabisa. Ilinguruma siku nzima bila kutoa tone. Akanunua kubwa zaidi, ikanguruma zaidi. Nilipoitwa nilimkuta amekaa kando yake kama mtu anayeuguza. Nilimwambia pampu ile haivuti kitu. Kazi yake ni kuondoa hewa ndani ya bomba tu, na hewa ya huku nje ndiyo inayosukuma maji yapande, nayo ina mwisho wa nguvu zake. Kisima chake kilikuwa kimepita mwisho huo. Dawa ilikuwa kuishusha mashine karibu na maji. "Kwa hivyo hata ningenunua ya meli?" akauliza. Nikasema hata ya meli. Alininunulia chakula kizuri na hakunisamehe kamwe.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilihamishiwa upande wa Makueni, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Machakos. Simiti yetu ilishuka kwa treni Sultan Hamud, ikapanda lori, na pale lori liliposhindwa ikapanda punda. Kijiji nilichopewa kilikuwa Kwa Mulwa. Wanawake wa huko walikuwa wakiondoka alfajiri kwenda mto mkubwa na kurudi jua likiwa limewaka, kila mmoja na mtungi mgongoni ukining'inia kwenye mkanda wa paji la uso. Waliniita Bwana Maji tangu siku ya kwanza, kabla sijaleta hata kikombe.

Kiongozi wao alikuwa Kalunde, mjane wa rika la mama yangu mdogo. Nilimwita Mwaitu, mama yetu, kama ilivyo adabu kwetu. Alikuwa na sauti nzito na hakuwa na subira na mtu yeyote, mimi nikiwemo. Yeye ndiye aliyeongoza mwethya wa kijiji, yaani lile kundi la kusaidiana ambalo leo linalima matuta kwako na kesho kwangu. Hakuna malipo katika mwethya. Kuna siku tu. Ukija kwangu siku moja, nina deni la siku moja kwako, na deni hilo halisahauliki, hata kama linaimbwa kwa furaha.

Jioni ya kwanza aliniambia mbele ya watu wake, "Bwana Maji, hawa watu ni mimi nimewaita. Wameacha mashamba yao juu ya neno yangu. Ukituhadaa, wewe utapanda basi uende. Mimi nitabaki nao hapa."

"Mwaitu, sitawahadaa," nikasema.

"Ni nesa," akajibu, yaani ni sawa, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaona kama ni sawa.

Kilichowatia hofu kilikuwa urefu wa mto. Wazee walisema maji yanatoka mbali, vilima vingi, na ukuta mmoja hauwezi kuzuia vilima vyote hivyo. Nikatoboa pipa matundu matatu, juu, katikati na chini, tukalijaza. La juu lilidondosha kivivu, la chini likarusha maji hadi kwenye miguu ya pasta wa kijiji. Walicheka sana. "Kumbe hasira yake iko chini," akasema Kalunde. Nikaunganisha ndoo pana na kopo jembamba kwa mpira kama ule wa Mzee Kilonzo, wakaona maji yanasimama kimo kimoja, ndoo isiweze kulishinda kopo. Nikawaeleza: presha ya maji hutazama kina chake tu. Haijali yameenea kiasi gani huko nyuma. Ukuta hautasukumwa na vilima. Utasukumwa na kina cha maji yaliyosimama nyuma yake, kidogo juu, nyingi chini, na ndiyo maana tunauweka unene kwenye kitako.

Nililiona wazo lile likiingia vichwani mwao, na nakiri lilinipa raha ambayo mshahara haukuwahi kunipa. Nikawaonyesha na hatari nyingine. Maji yanataka kuupindua ukuta kwa kuuzungusha kwenye ukingo wake wa chini, upande wa mbele, kama unavyoinua jiwe kwa mtaimbo, na uzito wa mawe ndio unaoupinga mzunguko huo. Tena maji yakipenya chini ya msingi yanaubeba, yanaupunguzia uzito wakati ule ule unapouhitaji. Kwa hiyo tutachimba mpaka mwamba. Hakuna aliyelalamika. Walichimba mchanga kwa karai, wakiimba, mpaka sururu zikagonga mwamba na kurudisha sauti. Kalunde mwenyewe aliteremka akaupapasa kwa kiganja.

Tulijenga kwa misimu kadhaa, tukipandisha kidogo kidogo. Kila mwisho wa ukuta tuliuingiza ndani ya ukingo wa mto, kama mbawa mbili, ili maji yasipate njia ya pembeni. Mwaka wa mwisho ukame ulituchelewesha, watu walikuwa dhaifu, na mvua zilikuwa karibu. Kalunde akafunga safari kwenda Ngunini, kijiji cha ng'ambo ya kilima, akaazima watu wa mwethya wao. Alipewa wengi, na kwa siku nyingi. Aliahidi kuzirudisha zote, siku kwa siku, Ngunini nao watakapojenga wao. Nilikuwepo. Hakuna kilichoandikwa, walishikana mikono tu, na mama mmoja wa Ngunini akasema, "Mwaitu Kalunde hana haja ya kuapa."

Ukuta ulikamilika. Nimejenga nyingi, na ule ndio uliokuwa mzuri kuliko zote. Mawe yake yalikaa kama yamezaliwa pamoja. Tulipitisha bomba chini yake, na ulipofungua mfereji, yaani koki ya mwisho wake, maji yaliyochujwa na mchanga yalitoka baridi na maangavu. Wanawake walipokezana kunywa na kucheka. Kwa wiki chache, Kwa Mulwa hakuna aliyekwenda mto mkubwa.

Kisha ikaja habari ya ufunguzi. Naibu chifu, jina lake Mutiso, alikuwa mtu mwema. Alibeba mawe begani kama wengine, na sitaki mtu asome haya amdharau. Aliambiwa kwamba mgeni rasmi atakuja kufungua ukuta, naye akataka mgeni apokewe kwa heshima. Kwetu heshima ya mgeni mkubwa ni gari lake kufika hadi penye kiti chake. Mgeni akishuka mbali akatembea kwa miguu vumbini, wenyeji ndio wanaoaibika, na watasemwa miaka. Kiti kilikuwa kimepangwa kuwekwa juu ya mchanga, nyuma ya ukuta, na ukingo wa mto pale ulikuwa mkali.

Mimi nilikuwa nimeitwa mbali kwenye mashine iliyokufa. Niliporudi nilikuta barabara imekatwa kwenye ukingo wa kushoto, ikipita pale pale bawa la ukuta lilipoishia. Ilikuwa nzuri. Walikuwa wameichonga mteremko laini na kuipanga mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili. Udongo wa miaka yote, ulioshikiliwa na mizizi na nyasi, ulikuwa umekwisha kutupwa.

"Mutiso," nikasema, "mmefungua mlango."

Alishangaa kweli. "Lakini Bwana Maji, si ni wewe ulisema presha iko chini? Tulifikiria hiyo maneno kabla tuchimbe. Hapa ni juu kabisa. Maji ikifika hapa itakuwa ya kufika kwa kifundo ya mguu. Itasukuma nini?"

Kalunde alikuwa amesimama kando yake. "Tulipima na mpira," akaongeza. "Hapa ni juu, karibu sawa na ukuta. Mimi mwenyewe nilishika ncha."

Hawakuwa wamekosea hesabu. Kwa presha, walichosema kilikuwa kweli tupu, na nisingeweza kuwasahihisha hata neno. Nikawaeleza kwamba maji yaliyosimama husukuma, lakini maji yanayokwenda hula. Yale ya kifundo cha mguu yakipata udongo uliolegea na mteremko, yanauchukua, na kila yanachochukua kinawapa wenzao njia pana zaidi. Walinielewa mara moja. Niliona uso wa Kalunde ukibadilika. Mutiso akasema tutaziba siku inayofuata sherehe, kila mtu atakuja. Tusingeweza kuziba kabla yake, kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kwenda.

Mgeni alikuja kwa kuchelewa, gari lake likateremka vizuri sana. Pasta aliomba kwa kirefu. Mgeni alitazama mchanga mkavu mbele yake, akatazama ukuta, akauliza kwa upole, "Na maji yako wapi?" Watu wakacheka, Kalunde akampeleka mbele ya ukuta, akafungua mfereji, akamkingia kikombe. Alikunywa chote akaomba kingine. Ilikuwa siku njema. Nasema hivyo kwa sababu nataka ijulikane kwamba walipata siku moja njema.

Usiku ule ule mawingu yalikusanyika, na asubuhi kila familia ilikuwa shambani ikipanda. Usimwambie mtu wa Ukambani aache kupanda siku ya mawingu. Tuliobaki tulijaza udongo kwenye ile barabara, tukaweka na magunia, lakini udongo wa kumwagwa bila kushindiliwa ni sawa na unga. Kushindilia vizuri kulihitaji watu wengi kwa siku nyingi, na Kalunde siku zake alikuwa amezimaliza, zake na za kuazima.

Mto ulikuja mchana. Tuliusikia kabla ya kuuona, tukakimbia ukingoni. Maji yalipanda nyuma ya ukuta, yakafika juu, yakaanza kumwagika pale katikati tulipoyawekea njia, kama tulivyokusudia. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa nikitazama kushoto. Kamba nyembamba ya maji mekundu ilipenya kati ya magunia, ikawa kijito, kisha gunia la kwanza likaondoka. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya. Ukingo ulikatika mapande mapande, kila pande na sauti yake, na mto ukaanza kugeuka wote kuelekea pale. Mchanga tuliokuwa tumeukusanya msimu baada ya msimu uliondoka nao. Kufikia jioni mto ulikuwa unapita kando ya ukuta, na nyuma ya ukuta hakukuwa na kitu.

Wanawake walilia kama msibani. Mutiso alivua kofia akakaa chini kwenye matope, na hakuna aliyemwambia neno baya. Kalunde hakulia. Alitazama mpaka giza lilipoingia, kisha akawaambia wenzake, "Twendeni. Watoto hawajakula." Asubuhi niliupima ukuta kwa timazi. Haukuwa umesogea hata upana wa ukucha. Hesabu zangu zote zilikuwa sawa, za presha, za momenti, za uzito wa mawe. Niliuchukia ukuta ule.

Nilichora upya. Ungeweza kuokolewa kwa kurefusha bawa la kushoto mpaka ng'ambo ya mkondo mpya. Wakubwa walikubali, na simiti ikafika kwenye ghala la Mutiso. Nikampelekea Kalunde habari nikidhani nimemletea furaha.

"Ni kazi ya siku ngapi?" akauliza. Nikamwambia ni nyingi.

"Siku ziko wapi, Bwana Maji? Ngunini wanaanza yao mwezi ujao. Siku zetu ni zao."

Ngunini, nawasifu, walituma wazee kusema deni limesamehewa. Walikuwa wameuona mto. Kalunde aliwapikia, akawashukuru, akakataa. Nilimwuliza kwa nini, kwa hasira kidogo. Akanijibu bila hasira, "Tukisamehewa hii, kesho nikienda kuita watu wa kuzika ama wa kulima kwa mjane, wataniangalia aje? Watasema huyu ni wa kusamehewa. Maji imeenda. Wacha nibaki na neno."

Simiti haisubiri mtu. Ikikaa inavuta unyevu na kugeuka mawe ndani ya mifuko. Kwa hiyo niliandika kibali mwenyewe, na simiti ya Kwa Mulwa ikapelekwa Ngunini. Ndiyo karatasi niliyotia sahihi kwa uzito kuliko zote.

Wakaja. Kila siku waliyodaiwa, msimu baada ya msimu, wanawake wa Kwa Mulwa walivuka kilima na kufika kabla ya wenye kijiji. Nyimbo za mwethya huwa za kujisifu, kila kundi kijiji chake, lakini wao waliimba sifa za Ngunini, kwa sababu kazi ilikuwa ya Ngunini. Sikuweza kuzisikiliza bila kugeuka upande. Kalunde alikagua mawe kuliko mimi. Akiona udongo wa kujengea una maji mengi, alimwita fundi akamwambia aurudie. Aliwaeleza wasichana wa Ngunini habari ya hasira ya maji iliyo chini, na ya kopo na ndoo, neno kwa neno kama nilivyomwambia, na mwishoni akaongeza, "Lakini hiyo ni maji yenye imesimama."

Siku ya kutengeneza uwanja wa ufunguzi, vijana walifika kwenye ukingo na sururu begani. Kalunde alikwenda akakaa chini, pale bawa lilipoingia ardhini, akanyoosha miguu. Mzee mmoja akamwambia kwa heshima, "Mwaitu, tunatengenezea mgeni njia."

"Mgeni ako na miguu," akasema.

"Tutaaibika."

"Mtaaibika asubuhi moja. Sisi tuliheshimika asubuhi moja."

Vijana waliteremsha sururu. Siku ya sherehe gari lilisimama mbali, na mgeni akaja kwa miguu akiwa ameshika viatu mkononi, akicheka. Hakuna aliyeaibika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mvua zilipokuja, mto ulipita juu ya ukuta katikati, pale pale palipotengwa, na mchanga ukajaa nyuma yake safi kabisa.

Vijana wangu, nyinyi mna ramani na vifaa ambavyo Mzee Kilonzo angevilalia asiibiwe. Vitumieni. Lakini kabla ya kuondoka penye kazi, waulizeni watu watampokeaje mgeni, na mahali watakapopitisha gari lake. Swali hilo halimo kwenye mtihani wowote wa fizikia niliowahi kuuona.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda Ngunini kutengeneza mfereji uliokuwa ukivuja. Nilikuta foleni ya mitungi. Wenyeji wanachota kwanza, ndivyo ilivyo kila mahali, na wanawake wa Kwa Mulwa walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakisubiri zamu yao. Kalunde aliwatanguliza wenzake wote, akachota wa mwisho.

"Mwaitu," nikasema, "deni limeisha?"

"Limeisha. Nilimaliza siku ukuta huu ulipokamilika."

"Basi tujenge ya kwenu. Nitaomba simiti nyingine."

Alifunga kifuniko cha mtungi kwa nguvu, akakijaribu kwa kuulaza. "Watu wangu wamechoka, Bwana Maji. Wanaume wameenda kutafuta kazi kwa barabara ya Mombasa. Mimi nikiita sasa, watakuja, kwa sababu hawawezi kunikataa. Ndio maana siwezi kuita."

Aliniomba nimsaidie kuinua. Nilishika mtungi kwa mikono miwili nikauweka mgongoni mwake, akapitisha mkanda kwenye paji la uso. Lita ishirini, kilo ishirini, hesabu rahisi niliyoifundisha kila mahali nilikokwenda. Aliinama mbele mpaka uzito ukakaa sawasawa juu ya miguu yake, akaagana nami, akaanza kupanda kilima cha kwenda kwao.